Ukungu wa Lenzi Si Ushungi



Biharusi wengi wanaokuja kupimwa nguo dukani kwetu huiona kamera yetu mezani, pembeni ya cherehani, na huuliza swali lile lile: "Mbona lenzi yenyewe ya kizamani hivi?" Kweli, kamera ni ya kisasa, lakini mbele yake kuna lenzi ya chuma ambayo umri wake unaushinda wetu. Leo tunataka kulijibu swali hilo kwa utulivu, kwa sababu jibu lake linamgusa kila anayetarajia kupambwa, na kila mama anayetarajia kumwoza binti yake.

Sisi ni wawili, mtu na wifi yake. Kazi yetu ya asili ni kushona. Tulimaliza skuli ya sekondari, tukasomea ushoni, tukafungua duka la nguo za harusi hapa Unguja. Kupiga picha kulikuja baadaye, tena kwa kuombwa. Unapomshonea mtu gauni lake, ukamvisha, ukamfunga vifungo mgongoni, tayari umo ndani ya chumba ambacho mpiga picha wa kiume haingii. Wateja wakaanza kutuambia: "Nyinyi si mko humu humu? Tupigeni na picha." Tukajifunza, na Alhamdulillah leo ni sehemu ya riziki yetu.

Chumba chenyewe kilivyo

Mnakijua chumba hicho. Biharusi amekaa mkekani, amesingwa kwa liwa na maua, kanga mbili mwilini. Somo yuko upande huu, bibi yake upande ule, mpaka hina amejikunja mguuni. Dirisha ni moja, pazia limeshushwa ili wa nje wasione. Nyumba ikiwa ya mawe, kuta ni nene na mwanga hauingii. Juu kuna taa moja, na umeme ukikatika inabaki taa ya chaji iliyowekwa juu ya kabati.

Kamera haipendi chumba kama hicho. Inataka mwanga, na njia rahisi ya kuipa mwanga ni flashi. Lakini flashi ina hasara zake. Ngozi iliyopakwa liwa na mafuta inang'aa kama bati. Hina mbichi inapoteza rangi. Uzi wa dhahabu tuliokaa nao siku tatu kuudarizi unageuka doa jeupe. Na kubwa kuliko yote, kila flashi inapowaka watu wanashtuka, wanajitanda, wanajipanga, na ule utulivu wa kike uliokuwepo unaondoka. Bibi mwenye macho mabovu anainua mkono kujikinga. Huwezi kumlaumu.

Hapo ndipo lenzi kongwe inapoingia.

Tundu kubwa

Ndani ya kila lenzi kuna tundu linalofunguka na kujifunga, kama mboni ya jicho. Ukubwa wake huandikwa kwa namba: f/1.4, f/2, f/2.8, f/4 na kuendelea. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Kutoka namba moja hadi nyengine katika hizi tulizotaja, mwanga hupungua kwa nusu. Kwa hivyo lenzi ya f/1.4 huingiza mwanga mara nane ya ile inayoanzia f/4.

Hesabu hiyo ina maana kubwa chumbani. Pale ambapo lenzi ya f/4 inalazimika kufungua shata kwa sehemu ya 1/15 ya sekunde, muda ambao mkono wa biharusi ukitikisika kidogo tu picha imeharibika, lenzi ya f/1.4 inaweza kupiga kwa 1/125. Ni chumba kile kile na taa ile ile, bila flashi. Hicho ndicho wapiga picha wanachokiita lenzi ya kasi: haina mota wala mbio yoyote, ila tundu lake pana linaruhusu shata kwenda haraka.

Lenzi mpya za namna hiyo zipo, na ni nzuri, lakini kwa duka dogo bei yake ni sawa na cherehani zuri la kudarizi. Yetu tulipewa hidaya na shangazi anayekaa Maskati. Ilikuwa kwenye kamera ya marehemu mumewe. Kamera ilikuwa imekufa, lenzi ilikuwa nzima. Ni Super-Takumar ya milimita 50, f/1.4, iliyotengenezwa Japani na kampuni ya Asahi, wenye kamera za Pentax. Aina hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1964. Jina la Takumar limetokana na Takuma Kajiwara, Mjapani aliyehamia Marekani, mpiga picha na mchoraji, ndugu wa mwanzilishi wa kampuni hiyo. Tulifurahi kujua kwamba lenzi yetu imebeba jina la mtu aliyeishi kwa kupiga picha za sura za watu.

Kuziunganisha

Lenzi za zamani za aina hii hufungwa kwa kuzungushwa, kama kifuniko cha chupa. Upana wa sehemu hiyo ni milimita 42, ndiyo maana zinaitwa M42. Kamera yetu ni Sony A7 II, ambayo mdomo wake hauko hivyo. Katikati inawekwa pete ya chuma ya kuunganishia, yaani adapta. Haina kioo ndani yake wala umeme.

Kwa nini pete tupu inatosha? Lenzi ya M42 ilitengenezwa ikae milimita 45.46 kutoka kwenye filamu. Kamera ya Sony ya aina hii, kwa kuwa haina kile kioo cha kupinduka ndani, ina umbali wa milimita 18 tu kutoka mdomoni hadi kwenye kihisi chake. Tofauti ni milimita 27 na nusu hivi, na huo ndio unene wa pete. Ni sawa na kuongeza kitambaa kiunoni mpaka gauni likae pale lilipokusudiwa.

Ukitaka kujaribu, dada, mambo matatu usiyasahau. Kwanza, ingia kwenye menyu ya kamera uiruhusu ipige hata kama haitambui lenzi, la sivyo itagoma. Pili, kama kamera ina kitulizi cha mtikisiko, iambie wewe mwenyewe kuwa lenzi ni milimita 50, maana lenzi haiwezi kujitambulisha. Tatu, Super-Takumar ina swichi ndogo ubavuni yenye maandishi Auto na Man. Iweke kwenye Man. Ikiwa kwenye Auto, na pete yako haina sehemu ya kuusukuma ule msumari mdogo wa nyuma, tundu litabaki wazi hata uzungushe vipi.

Kutunga uzi kwenye sindano

Lenzi hii haijilengi. Kila picha unailenga kwa mkono, kwa kuzungusha pete yake pole pole. Na kwa f/1.4 nafasi ya kulenga ni finyu mno. Ukiwa mita moja kutoka kwa biharusi, sehemu iliyo wazi na kali ni kama sentimita tatu tu kwa kina. Ni upana wa pindo la gauni. Ukilenga ncha ya pua, macho yamekwenda. Ukilenga sikio na hereni yake, uso mzima umelainika.

Kamera za sasa zina msaada wa kuchora rangi kwenye kingo za kitu kilicholengwa. Sisi tunautumia kwa tahadhari. Gauni la harusi lina lulu, shanga na vito, na vyote hivyo vinameta, basi kamera inavipaka rangi vyote kana kwamba vyote viko sawa. Njia tunayoiamini ni kukuza picha kwenye skrini hadi jicho lililo karibu nasi lijae, kisha kuzungusha pete mpaka kope zihesabike. Baada ya hapo tunazuia pumzi na kupiga. Aliyewahi kutunga uzi kwenye sindano nambari 9 usiku anaijua subira hiyo.

Ukitaka nafasi zaidi, una njia mbili. Rudi nyuma: kutoka mita moja hadi mbili, kina cha ukali kinaongezeka takriban mara nne, kutoka sentimita tatu hadi kumi na tatu. Au punguza tundu: kwa f/2.8 kina kinakuwa maradufu ya kile cha f/1.4. Mikono yenye hina tunaipiga kwa f/2.8. Gauni lenyewe, tukitaka darizi ionekane sindano kwa sindano, tunalipiga kwa f/5.6 mchana karibu na dirisha. Ile f/1.4 tunaiweka kwa sura na kwa giza. Kwenye sura inalainisha kidogo, kama mtandio mwepesi, na biharusi wengi wanaipenda kwa hilo.

Subira hii ina faida nyengine. Mtu anayelengwa taratibu anajua kuwa anapigwa picha. Ana muda wa kusema "ngoja", wa kuvuta kanga, au wa kukataa kabisa. Kamera inayojilenga na kupiga picha kumi kwa sekunde haimpi mtu muda huo.

Manjano na koga

Vitu vya kale vina maradhi yao. Nyingi katika Super-Takumar za f/1.4 zina kioo kilichochanganywa thoriamu, madini yenye mionzi hafifu. Matumizi ya kawaida ya kupiga picha hayana tatizo, lakini kioo hicho hakisagwi, hakikwaruzwi, wala hakifanywi kikuza cha kuweka jichoni. Kwa miaka mingi kinageuka manjano. Yetu ilipofika ilikuwa na rangi ya chai ya rangi nyepesi. Kwa fundi wa nguo hilo si jambo dogo. Biharusi aliyechagua nyeupe, tukabishana naye wiki nzima kati ya nyeupe na maziwa, hatafurahi kujiona picha nzima amevaa maziwa.

Dawa yake ni jua, na sisi jua tunalo. Tuliiweka dirishani, imesimama juu ya karatasi ya fedha ya kufungia chakula, kwa wiki kadhaa, na manjano yakapungua sana. Tahadhari: lenzi inakusanya miale. Usiielekeze kwenye pazia wala kitanda, inaweza kuwasha moto. Kwa rangi iliyobaki, tunapiga kwanza karatasi nyeupe kwenye mwanga wa chumba kile kile, kisha tunaiambia kamera: hii ndiyo nyeupe.

Ugonjwa wa pili ni koga, na huu ndio adui wa kweli wa visiwani. Unyevu wa masika unaingia kati ya vioo na kuotesha nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Ukiachwa, koga hula hata ule mpako wa juu ya kioo. Usiihifadhi lenzi kwenye mkoba wa ngozi wala ndani ya kabati la nguo. Sisi tunaiweka kwenye boksi la plastiki lenye kufunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kukaushia unyevu vinavyokuja na viatu na mikoba, na kipimo kidogo cha unyevu. Tunapenda kisome kati ya asilimia 40 na 50. Na chetezo kikipitishwa chumbani, tunaifunika lenzi. Moshi wa udi na ubani ni neema kwa nguo, lakini kwenye kioo unaacha utando wa mafuta.

Ukungu si ushungi

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Lenzi ya namna hii ikimlenga biharusi, walio nyuma yake wanayeyuka kuwa ukungu. Ndiyo raha yake, na ndiyo picha mnazozipenda. Tumesikia mara nyingi sasa kauli hii: "Wageni waliovua buibui wasijali, lenzi inawafuta." Dada zetu, haiwafuti.

Tuchukue kipimo. Biharusi yuko mita moja na nusu kutoka kwenye kamera, na mgeni yuko mita tatu, yaani umbali maradufu. Kwa lenzi ya milimita 50 kwenye f/1.4, kila nukta ya mgeni inatanuka kuwa duara la kama sentimita tatu na nusu. Uso wa mtu una upana wa sentimita kumi na nne hivi. Basi jicho limepotea, kipini kimepotea, lakini umbo la kichwa limebaki, nywele zimebaki, rangi ya gauni imebaki, na namna mtu anavyokaa imebaki. Mgeni wa mbali hatamjua. Dada yake atamjua, mumewe atamjua, na jirani atamjua.

Kuna mama mmoja aliyetufundisha hili vizuri kuliko kitabu chochote. Alikuwa amekataa kabisa picha kwenye harusi ya binti yake wa pili, kwa sababu picha za binti yake wa kwanza, zilizopigwa na simu ya mgeni, zilizunguka mjini hadi zikamfikia mumewe barazani. Alikubali baada ya biharusi kulia, tena kwa masharti: sisi wawili tu, simu zote zikae kapuni nje ya mlango, na kila picha aione yeye kwanza. Usiku ule umeme ulikatika. Bibi alikuwa anamtungia biharusi kikuba cha asumini, mwanga ni wa taa ya chaji tu, na nyuma yao kuna wanawake watatu waliojilaza vichwa wazi. Tulipiga moja, tukampelekea mama kama tulivyoahidiana. Wageni walikuwa ukungu mtupu kwa macho yetu. Yeye aliitazama, akaweka kidole. "Huyu mke wa ami yake. Huyu jirani wa nyumba ya pili. Huyu wa tatu simjui." Wawili kati ya watatu!

Tukaifuta mbele yake. Tukawaomba wageni, kwa adabu, wahamie upande wa pili, bibi na biharusi wakabaki na ukuta nyuma yao, tukapiga upya. Picha hiyo ya pili, mashallah, ndiyo waliyoichagua. Uso wa bibi unaonekana kila mkunjo, asumini nyeupe vidoleni, na nyuma yake hakuna mtu wa kumwomba radhi.

Tangu hapo tunasema kwa kila mteja: ukungu wa lenzi ni pambo, si ushungi. Sitara haitoki kwenye kioo. Inatoka kwa watu waliomo chumbani na ahadi walizopeana.

Muulize mpiga picha wako

Kwa hivyo, dada unayejiandaa, usiulize tu anatumia kamera gani. Muulize haya.

Nani ataingia chumbani, na je, ni wanawake watupu mpaka mwisho, pamoja na anayesafisha picha kwenye kompyuta? Mpigaji anaweza kuwa mwanamke na msafishaji akawa mwanamme.

Kadi ya kamera itabaki kwa nani? Kufuta hakutoshi, maana picha zilizofutwa mara nyingi zinaweza kurudishwa kwa programu. Sisi tunainunua kadi mpya kwa kila harusi, bei yake imo kwenye hesabu, na ikimaliza kazi inabaki mkononi mwa biharusi. Kamera yetu ina nafasi ya kadi moja tu, na kadi inaweza kuharibika, kwa hivyo kabla hatujaondoka tunanakili picha kwenye kompyuta ya nyumbani kwao. Kusafisha rangi tunakufanya kwao pia.

Je, mtandao wa kamera umezimwa? Kamera za sasa zinaweza kupeleka picha kwenye simu zenyewe kwa zenyewe. Lenzi yetu ni ya zamani, lakini kamera si ya zamani.

Na je, ana lenzi nyengine ya kujilenga? Hili tunalisema kwa haki. Biharusi anapotolewa ukumbini, watoto wanakimbia, kina mama wanacheza ngoma, lenzi ya mkono haiwezi kuwafuata. Hapo mmoja wetu anashika kamera ya pili yenye lenzi ya kawaida, na mwenzake anaiweka kongwe kwenye boksi lake ipumzike.

Kama una lenzi ya namna hii kabatini, ya baba au ya ami, usiitupe. Imulike na tochi ndogo uone kama ina koga. Zungusha pete zake uone kama zinakwenda laini na tundu linafunguka na kufunga. Kama ni nzima, tafuta pete inayolingana na kamera yako, kaa na mtu unayempenda karibu na dirisha, ujifunze kuhesabu kope zake.

Allah awajaalie maharusi wetu ndoa zenye utulivu, na azisitiri nyumba zetu. Aamin. Wassalaam.